Acha kumwangalia steringi: jinsi ya kumfuatilia mwigizaji mhamiaji, mfano Peter Lorre

Tulivyokuwa wadogo kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu sheria ilikuwa moja tu, steringi hafi. Ukichelewa unauliza steringi nani, unaonyeshwa kwa kidole, unabanana kwenye benchi unamkodolea yeye mpaka mwisho, hao wengine wote ni watu wa kupigwa tu. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba hao wa kupigwa ndo watamu. Yule jamaa mwenye jasho anayekuja kumwambia bosi kuna mtu kaingia ghalani. Yule mhudumu wa baa. Unamwona kwenye muvi kumi tofauti, sura unaijua kama ya jirani, ila jina hulijui na hujawahi hata kujiuliza katokea wapi.

Sasa haya ni maelekezo kwa anayetaka kumfuatilia mtu wa namna hiyo tangu jukwaani mpaka kwenye filamu, na hasa yule aliyehamia nchi ya watu akaanza kuigiza kwa lugha ya watu. Ntamtumia Peter Lorre manake ndo niliyekaa naye miezi minne, muvi moja moja, usiku wa manane bando likiwa bei rahisi. Kama hupendi muvi za black and white unaweza kutumia njia hiihii kwa mtu wa karibu na sisi, kuna Barkhad Abdi aliyezaliwa Mogadishu akakulia Yemen kisha Minneapolis, kuna Edi Gathegi aliyezaliwa Nairobi. Njia ni ileile. Ila Lorre kashakufa, kazi yake imefungwa, hakuna muvi mpya itakayokuja kukuvurugia daftari.

Na daftari lazima. Usiniambie utakumbuka, hutakumbuka. Chora mistari ya wima, uwe na mwaka, nchi aliyokuwa anaishi, lugha aliyoigizia, halafu mstari wa mwisho ambao watu wengi hawauweki na ndo wenye utamu wote: mhusika aliyemwigiza ni mtu wa taifa gani. Ntarudi hapo.

Anza na majina, weka wingi. Wahamiaji wengi wa sanaa wana majina mawili au matatu, ukitafuta moja tu umepoteza nusu ya maisha. Lorre kazaliwa László Löwenstein, tarehe 26 Juni 1904, mji unaitwa Rózsahegy, wakati huo uko Hungary chini ya ufalme wa Austria-Hungary, leo uko Slovakia na unaitwa Ružomberok. Kwa hiyo utakuta huku wanamwita Mhungaria, kule Mwaustria, pengine Mjerumani au Mslovakia, na usianze kubishana nao kwenye komenti, nyumba ilibaki palepale mpaka ndo uliohama. Familia ya Kiyahudi, lugha ya nyumbani Kijerumani, mama alifariki yeye akiwa mdogo, wakaja kuhamia Vienna. Alifanya kazi benki kidogo, benki ikamshinda, akaingia kwenye kikundi cha maigizo ya papo kwa papo cha Jacob Moreno hapohapo Vienna, na huko ndiko alikotoka na jina la Peter Lorre.

Baada ya hapo kuna shida moja kubwa, jukwaa halirekodiwi. Muvi unaweza kuirudisha nyuma, tamthilia ya mwaka 1929 imeshaondoka na watu walioitazama. Wengi hapa wanaruka, wanaanza na filamu ya kwanza, na ndo kosa, manake mwigizaji wa jukwaani anaingia kwenye filamu akiwa tayari ana mwili wake na sauti yake, wewe unadhani kazaliwa navyo. Cha kufanya ni kutafuta watu walivyomlalamikia. Sifa zinafanana, kila mwigizaji kwenye magazeti ni hodari, ila malalamiko yanakuambia alikuwa anafanya nini hasa. Lorre alipita Breslau, Zurich, akafika Berlin akakutana na Bertolt Brecht, na mwaka 1931 Brecht akampa nafasi ya Galy Gay kwenye tamthilia yake Mann ist Mann. Wahakiki wakamponda. Wakasema anaongea vipande vipande, hasikiki vizuri, hotuba hazitiririki. Brecht akajibu gazetini akamtetea, akasema hiyo ndo staili yenyewe, hivyo ndo alivyotakiwa kuongea.

Andika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa. ANAONGEA VIPANDE VIPANDE. Hapo ni 1931, kwa Kijerumani, lugha yake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye yuko Uingereza na watu wanasema ile namna yake ya kuongea ya kukatakata ni kwa sababu Kiingereza hajui. Umeona? Bila jukwaa ungeamini.

Sasa filamu. Usianze na ile maarufu, ntakuambia kwa nini. Wanaoanza na Casablanca wanamwona kwa muda mfupi wanasema aa kumbe ni huyu, halafu wanahamia kwa Humphrey Bogart, steringi wa ile muvi, na hawarudi tena. Anza na M ya Fritz Lang, ilionyeshwa Berlin Mei 1931, Kijerumani, weka sabtaito. Hapo Lorre ndiye muuaji wa watoto, na nakuonya ni nzito, usiweke sebuleni na watoto wapo. Muda mrefu humwoni vizuri, unasikia mluzi tu, unaona kivuli. Kuna mahali yuko mbele ya kioo anavuta pembe za mdomo kwa vidole zishuke chini, anajitazama kama anatafuta huyo mnyama wanayemsema yuko wapi kwenye hiyo sura. Kuna mahali mtu kamwekea alama ya M ya chaki mgongoni kwenye koti, yeye anageuka anaiona kwenye kioo, macho yanatoka. Zima sauti kabisa uangalie tena hiyo ya chaki, halafu funga macho usikilize ile hotuba ya mwisho kule chini, wezi na majambazi wa mji wamemweka kitimoto, yeye amepiga magoti anasema hawezi kujizuia. Mara mbili, moja ya macho moja ya masikio. Mwigizaji wa jukwaani ukimtazama kwa mpigo mmoja anakuchenga.

Hapo ujue na kilichofuata. Mwaka 1933 Hitler kaingia madarakani, Lorre akaondoka, Vienna, Paris, hela hamna. Na mwaka 1940 wale Wanazi wakachukua kipande cha hotuba ileile wakakiweka kwenye filamu yao ya propaganda dhidi ya Wayahudi, kana kwamba yule ni Lorre mwenyewe anaungama. Mtu kaigiza mhusika, nchi yake ya kazi ikamgeuzia kuwa ushahidi. Mi nilipofika hapo kwenye daftari niliacha kuandika siku kama mbili hivi.

Twende London. The Man Who Knew Too Much, Alfred Hitchcock, 1934, ile ya kwanza sio ile ya rangi ya miaka ya hamsini, angalia vizuri usije ukadanlodi ya pili ukamtafuta Lorre mpaka asubuhi. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, mistari yake alikariri kwa sauti, yaani kama sisi tulivyokuwa tunaimba nyimbo za Kihindi neno kwa neno bila kujua zinasema nini. Sasa hapa kuna zoezi na ndo zoezi ninalolipenda kuliko yote. Vaa hedifoni, chagua sehemu moja anayoongea, dakika mbili tu zinatosha, isikilize mara tano. Mtu anayeelewa lugha anakanyaga kwa nguvu neno lenye maana, mengine anayapitia juujuu. Mtu aliyekariri hana uhakika neno gani ndo lenye mzigo, kwa hiyo anayatunza yote, kila neno analiweka mezani taratibu kama kikombe cha udongo. Na kwa mhusika jambazi hiyo inatisha vibaya mno. Adui anayefoka tumeshamzoea, huyu anaongea laini kwa heshima halafu anatabasamu kabla hujajua kwa nini. Udhaifu wake wa lugha kaugeuza silaha, tena silaha ambayo Mwingereza mzawa hawezi kuinunua.

Mwaka huohuo 1934 akapanda meli kwenda Marekani. Hapa sasa fungua ule mstari wa mwisho wa daftari, taifa la mhusika, ujaze kwa kasi bila kufikiria. 1935, Mad Love, daktari wa upasuaji Paris, kichwa kimenyolewa upara. 1935 tena, Crime and Punishment, Raskolnikov, Mrusi. 1937 mpaka 1939, muvi nane mfululizo, Mr. Moto, Mjapani. 1941, The Maltese Falcon, Joel Cairo, mtu wa pasipoti zaidi ya moja anayenukia manukato. 1942, Casablanca, Ugarte, hata taifa lake halisemwi vizuri. Isome ile safu kutoka juu mpaka chini. Huyu bwana kachukua uraia wa Marekani mwaka 1941, kodi analipa, na wao kazi yao ni kumtuma awe mtu wa popote ilimradi sio wa pale.

Hilo la Mr. Moto nitalisema kidogo kwa sababu watu huwa wanalifunika. Myahudi wa Austria-Hungary anayeigiza mpelelezi wa Kijapani, miwani usoni, na Hollywood kulikuwa na Wajapani. Leo ukitazama inakera, na mimi sikumaliza zote nane, nilitazama mbili nikaona basi. Lakini usiziruke kabisa. Angalia anachofanya pale ambapo kamera haimhitaji, mwenzake anaongea na yeye kasimama pembeni. Anasikiliza. Yaani ni mmoja wa watu wachache wanaosikiliza kweli kwenye muvi, nadhani mtu aliyeishi kwenye lugha tatu anajifunza kusoma sura za watu kwa lazima. Na kabla hujawacheka Wamarekani kumbuka kwenye vichekesho vyetu Mmasai lazima awe mlinzi na Mhindi lazima awe na duka.

Kipimo kingine, pima dakika. Chukua simu weka stopwochi, kila anapotokea kwenye skrini washa, akitoka zima. Kuna muvi ya 1940 inaitwa Stranger on the Third Floor, jina lake ndo la kwanza kabisa kwenye orodha ya waigizaji, ukimpima utapata dakika chache mno. Kwa nini jina kubwa, muda mdogo? Kwa sababu walikuwa wanauza sura yake kwenye bango. Ukiwa na mambo hayo mawili, nafasi ya jina na dakika halisi, unajua studio inamwonaje mwaka huo bila kusoma kitabu chochote.

Na ukishampima, angalia kasimama na nani. Hapa ndo Casablanca inaingia, na sasa uko tayari nayo. Lorre yuko mwanzoni tu, ndiye mwenye zile barua za kusafiria zinazotafutwa muvi nzima, anaongea na Rick, ndo huyo Bogart, kwa sauti ya chini, anamuuliza iwapo Rick anamdharau, na anauliza kama mtu anayejua jibu na anataka tu kulisikia likisemwa. Baadaye kidogo wanamkamata mle mle kilabuni, anamshika Rick anaomba afichwe, Rick hafanyi kitu. Kwisha. Ingrid Bergman, steringi wa kike, hata hajaingia. Ila usizime, baki na wale waliobaki, fanya kama una tochi unamulika nyuma ya steringi. Yule mhudumu mnene mwenye mashavu ni S. Z. Sakall, kazaliwa Budapest, dada zake walikufa kwenye kambi za Wanazi. Yule mwizi wa mifukoni anayemwonya mtu kuhusu wezi huku anamwibia ni Curt Bois, wa Berlin. Anayechezesha kamari ni Marcel Dalio, Mfaransa wa Kiyahudi, Wanazi walitumia picha ya sura yake kwenye mabango kuonyesha watu Myahudi anafananaje. Na yule meja wa Kinazi ni Conrad Veidt, Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani maana mke wake alikuwa Myahudi, na huku akaishia kulipwa kuvaa magwanda yaleyale aliyoyakimbia. Kati ya wote walioandikwa majina kwenye ile muvi, waliozaliwa Marekani ni watatu tu, Bogart, Dooley Wilson anayepiga piano na Joy Page. Kwa hiyo ile sehemu wanaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa kuwazima Wajerumani, machozi unayoyaona wengine hawakuhitaji kuelekezwa na mtu. Na shujaa wa muvi, yule anayekimbizwa, anaitwa Laszlo. Jina la kuzaliwa la Lorre. Imetokea tu, lakini mi nilicheka peke yangu usiku ule.

Kwenye The Maltese Falcon angalia jozi yake na Sydney Greenstreet, huyo bonge. Mwingereza, mzee wa jukwaani, filamu yake ya kwanza kabisa na alikuwa kashavuka miaka 60. Wakapendwa, wakawekwa pamoja tena na tena, mnene na mfupi. Kama unafuatilia mwigizaji wa pembeni tafuta jozi yake, karibu wote wanayo, na kwenye jozi ndo anapumzika kuigiza anacheza tu. Mle ndani Bogart anampiga makofi Lorre, na jamaa analalamikia shati lake kuchafuka. Hapo nilisimamisha nikarudisha kama mara nne.

Sehemu ya maisha binafsi iendee polepole. Mtu huyu alikuwa mtumwa wa morfini muda mrefu, ilianzia hospitali ujanani baada ya upasuaji, na mwaka 1949 alitangaza kufilisika. Usiyatafute haya kama udaku, yaweke kwenye daftari karibu na mwaka husika halafu uangalie uso wake kwenye muvi za mwaka huo. Mwili unavimba, macho yanazama. Kumbuka pia wakati ule mwigizaji alikuwa na mkataba na studio kama mchezaji na klabu, wanaweza kukukodisha kwa studio nyingine, kwa hiyo muvi mbovu kwenye orodha yake wala usiseme alichagua vibaya. Ulizia kwanza nani alikuwa anammiliki.

Siku moja nilikuwa naangalia moja ya hizo muvi za miaka ya arobaini, mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, anapita na sahani ya wali anasimama mlangoni. Anasema, “Anko, mbona huyu anaongea kama katuni?” Nikamwambia kaa chini. Manake kasema kweli ila kageuza, katuni ndo zinaongea kama yeye. Watengeneza katuni wa Warner walimchora akiwa hai kabisa, kuna ile ya Bugs Bunny ya 1946, Hair-Raising Hare, mwanasayansi kichaa mwenye macho ya kulegea na sauti ya puani, ni Lorre mtupu. Miaka mingi baadaye yule mbwa Ren wa Ren & Stimpy naye akapewa sauti ya aina hiyo. Kwa hiyo kuna mamilioni ya watu duniani wanaoijua sauti yake na hawajawahi kumwona. Dogo akamaliza wali wake hapohapo, alipoenda kulala bado anaiga.

Basi kwenye mpangilio wako usifuate miaka mpaka mwisho, hapa ndo navunja utaratibu. Ukifika 1949 ruka. Nenda kwanza 1954, kuna Casino Royale ya televisheni, CBS, ilirushwa laivu, na Lorre ndiye Le Chiffre, yaani adui wa kwanza kabisa wa James Bond kwenye skrini yoyote, hiyo ukimwambia mtu kijiweni hakuamini. Halafu 20,000 Leagues Under the Sea mwaka uleule. Halafu The Raven ya 1963 na Vincent Price na Boris Karloff, kanenepa, anajichomekea maneno yake mwenyewe, anajiiga yule Lorre wa katuni kabla hujamuiga wewe. Inachekesha kweli. Alifariki Machi 23, 1964, Los Angeles, kiharusi, miaka 59.

Ukishamzika ndo urudi 1951, Der Verlorene. Alirudi Ujerumani kuitengeneza, kaiongoza mwenyewe, kaigiza mwenyewe, ndiyo filamu pekee aliyowahi kuiongoza. Daktari mtafiti wa wakati wa Wanazi, mwuaji, na serikali inamfunika kwa kuwa wanahitaji kazi yake. Ilionyeshwa kwa watu ambao miaka sita tu nyuma walikuwa kwenye ile vita na hawakutaka kukumbushwa, tena na mtu aliyeondoka. Haikutazamwa. Akarudi Hollywood kufanya hizo nyingine ulizokwisha kuziona.

Itazame na hedifoni, sabtaito ndogo chini ili isikuibie macho. Umeshamsikiliza miezi kadhaa akiongea Kiingereza cha kuazima, umeshazoea vile anavyoweka kila neno taratibu, na umesikia mpaka watoto wanamwiga. Sasa yuko kwenye lugha yake, yuko peke yake na sigara, sauti ya chini, na bado anaongea vipande vipande. Rudi kwenye ule ukurasa wa Brecht ulioandika kwa herufi kubwa, weka tiki.